Wajibu wa Mwenye Kosa Dogo

Hewa ni mali ya ajabu. Haina mpaka wala hati. Haipimwi kwa ekari wala haiuzwi kwa kibaba. Tajiri hawezi kuifungia ghalani mwake, na maskini hana haja ya kuiomba. Mtoto huipokea siku anapozaliwa, na mzee huiacha siku anapokufa. Lakini mali ya watu wote aghalabu haina mlinzi. Shamba la mtu likiingiliwa na ng'ombe, mwenye shamba hupiga kelele. Hewa ikiingiliwa na moshi, hakuna apigaye kelele, kwa sababu kila mtu hudhani kwamba kelele hiyo ni kazi ya mwingine. Katika insha hii nataka kuuliza swali moja tu, na kulijibu kadiri ya uwezo wangu: Je, mtu ambaye sehemu yake katika kosa kubwa ni ndogo sana, ana wajibu gani?

Swali hili si langu. Niliulizwa na mwanafunzi. Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ya Kenya iliwapa watu mapumziko ya siku moja ili wapande miti, kwa nia ya kufikia miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Shule ninayofundisha imo katika Kaunti ya Bomet, mahali ambapo mashamba ya chai hupanda vilima na kushuka mabondeni bila kukatika. Asubuhi ile tulikwenda na wanafunzi kando ya kijito, tukapanda miche arobaini ya mitarakwa na miti mingine ya asili. Hotuba zilitolewa, picha zikapigwa. Wakati wa kurudi, msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyeichafua hewa?" Nikamjibu kwamba wengi walishiriki, lakini sehemu kubwa ilitoka katika nchi zilizotangulia kuwa na viwanda. Akasema, "Basi kwa nini miti inapandwa na sisi?"

Nilimwambia achukue ndoo turudi shuleni. Hilo lilikuwa jibu la mtu mwenye mamlaka, halikuwa jibu la mtu mwenye hoja. Tangu siku ile nimekuwa na deni la mtoto yule, na dawa ya deni ni kulipa.

Kabla ya kuhukumu jambo yafaa kulijua. Katika hewa tunayovuta mna vitu vingi, na kimojawapo, kwa kiasi kidogo sana, ni hewa ya ukaa, ambayo wataalamu huiita kaboni dioksidi. Hewa hii si adui katika kiasi chake cha asili. Sisi huitoa kila tupumuapo, na jani la chai huila ili likue. Kazi yake nyingine ni kuzuia sehemu ya joto la dunia lisitoroke kwenda katika anga za juu, kama blanketi lizuiavyo joto la mwili wa mtu aliyelala katika baridi ya Kericho. Bila blanketi tungeganda. Blanketi likizidi unene, aliyelala hutokwa na jasho.

Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ya ukaa ilikuwa kama sehemu 280. Mwaka 1958 Charles David Keeling alipoanza kuipima juu ya mlima wa Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii, alikuta kama sehemu 315. Mwezi wa Mei 2013 kipimo cha siku kilipita 400 mahali pale kwa mara ya kwanza, na mwaka 2024 wastani wa mwaka mzima ulipita 420. Nyongeza hii imetokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na pia na kufyeka misitu. Na moshi huu una tabia moja mbaya kuliko nyingine zote: hauondoki upesi. Sehemu yake hukaa angani kwa mamia ya miaka, na sehemu nyingine hata zaidi. Moshi wa mababu bado uko juu ya vichwa vya wajukuu.

Wala hii si habari mpya. Mwaka 1856 mwanamke mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alitia hewa ya ukaa ndani ya chupa akaiweka juani, akaona kwamba inashika joto kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1859 John Tyndall alilipima jambo hilo kwa vyombo huko London. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi alifanya hesabu ya joto ambalo dunia ingepata kama hewa ya ukaa ingeongezeka. Mwaka huohuo wa 1896 reli ya kutoka Mombasa kwenda bara ilianza kutandikwa. Basi maarifa na moshi viliianza safari wakati mmoja. Ila moshi ulipewa reli, na maarifa yakaachwa yatembee kwa miguu.

Mtu anaweza kusema: Hizo ni habari za Hawaii na Uswidi, hapa kwetu je? Ni swali la haki, na jibu lake ni kisa ambacho kila mwanafunzi wa Kericho angestahili kukijua. Katika miaka ya 1990 malaria ilizidi katika mashamba ya chai ya Kericho, ambayo yako juu sana na yalisifiwa kwa baridi yake. Wengine walisema joto limepanda, na mbu amepanda pamoja nalo. Mwaka 2002 wataalamu fulani walichapisha uchunguzi wao wakasema kwamba takwimu walizozitumia hazikuonyesha badiliko la maana la joto katika sehemu nne za nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwa mojawapo. Wengine wakawapinga, na mjadala ukaendelea kwa miaka. Mwaka 2011 ulitoka uchunguzi mwingine. Huu ulitumia vipimo vya kila siku vilivyoandikwa kwa miaka thelathini hivi katika kituo cha hali ya hewa cha Kericho kwenyewe, na ulionyesha kwamba joto lilikuwa limepanda kama sehemu mbili za kumi za digrii moja katika kila miaka kumi.

Msomaji, fikiri juu ya kisa hiki. Mabingwa walibishana mbali kwa hesabu kubwa, na neno lenye uzito likatoka katika daftari la mtu ambaye kila asubuhi, mvua inyeshe au jua liwake, alikwenda kutazama kipimajoto akaandika alichokiona. Hakuandika alichokitaka, aliandika alichokiona. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alituamuru tusome kipimamvua kila siku saa tatu asubuhi. Tulinung'unika. Tuliona ni kazi ya kitoto. Sasa naona kwamba ile ilikuwa somo la maadili kuliko lilivyokuwa somo la jiografia.

Lakini ukweli ni kisu chenye makali pande mbili, nao hutukata hata sisi tunaoupenda. Joto lilipopanda, joto halikuwa sababu pekee ya malaria. Dawa ya klorokwini pia ilikuwa imepoteza nguvu zake. Kadhalika, si kila balaa la shamba ni la moshi. Kericho ilijulikana kwa mvua ya mawe kabla ya sisi kuzaliwa. Katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walijaribu hata kurusha roketi mawinguni ili waivunje mvua hiyo kabla haijavunja majani yao. Mwalimu anayewaambia watoto kwamba kila jiwe la mvua limetupwa na kiwanda cha Ulaya anatumia uongo kutetea ukweli, na ukweli hauhitaji wakili wa namna hiyo.

Tunaloweza kusema bila kuogopa ni hili: joto limepanda, na mchai una sababu ya kuogopa. Mti huu hupenda mvua iliyogawanyika katika mwaka na hewa isiyokuwa kali. Ndiyo maana katika milima yetu majani huchumwa karibu mwaka mzima. Mvua ikikosekana kwa majuma mengi, vichipukizi hudumaa, na mchumaji hurudi nyumbani na kikapu chepesi. Kikapu chepesi ni bonasi ndogo, na bonasi ndogo ni ada isiyolipwa. Wataalamu wa chai hapa Kericho wanajitahidi kuzalisha aina za michai zinazostahimili ukame, lakini mche mpya huwa mti kwa miaka, na shamba la mnyonge halina miaka ya kusubiri.

Basi watu husemaje wakielezwa hayo? Nimesikia majibu matatu, na yote nimeyasikia kwa watu wema.

Jibu la kwanza ni kwamba mvua na jua ni kazi ya Mungu, na binadamu hana mkono ndani yake. Naliheshimu jibu hili kwa unyenyekevu wake. Lakini nafaka pia ni zawadi ya Mungu, na mtu akichoma ghala hatusemi kwamba njaa iliyofuata ilitoka mbinguni. Kupewa kitu si kuruhusiwa kukiharibu. Bali kadiri mpaji alivyo mkuu, ndivyo mpewaji apaswavyo kuwa mwangalifu.

Jibu la pili ni kwamba kosa ni la nchi tajiri. Jibu hili lina ukweli mwingi, na anayelikataa hajui hesabu. Afrika yote, yenye karibu sehemu moja katika tano ya watu wa dunia, hutoa kama sehemu nne tu katika kila mia ya hewa ya ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Kenya hutoa pungufu ya sehemu moja katika kila elfu. Mtu mmoja wa Marekani, kwa wastani, hutoa zaidi ya mara ishirini ya kile atoacho mtu mmoja wa Kenya. Umeme wetu mwingi hutoka katika mvuke wa ardhini kule Olkaria, katika maji, katika upepo na katika jua. Mchuma janga hula na wa kwao, husema wahenga. Lakini hapa mchuma janga amekula na watu ambao hawakuwa wa kwao hata siku ya karamu.

Jibu la tatu ndilo gumu: "Sehemu yangu ni ndogo mno. Nikiacha au nisipoacha, dunia haitajua." Kwa hesabu, mtu huyu ana haki. Lakini tazama hesabu hiyo inavyokwenda. Mkulima wa Bomet asema, sehemu yangu ni ndogo. Mwenye kiwanda cha London asema, kiwanda changu ni kimoja kati ya maelfu. Mwenye gari wa Chicago asema, gari langu ni moja kati ya mamilioni. Kila mmoja asema kweli, na kweli zao zote zikijumlishwa huwa uongo mkubwa, yaani kwamba hakuna mtu aliyefanya jambo lililofanyika. Haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo huwafundisha watoto kuweka akiba, lakini kibaba hakichagui. Hujazwa na sumu kama kijazwavyo na nafaka.

Hapo ndipo lilipo fundo la swali letu, na nadhani latufungukia tukitenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. Kuna wajibu wa fidia, na kuna wajibu wa ulinzi.

Wajibu wa fidia hufuata kosa na faida. Katika vijiji vya Wakipsigis, wazee wa kokwet wakiketi kuamua kesi ya ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani, hawaulizi kwanza kama mwenye ng'ombe alikusudia. Huuliza ng'ombe ni wa nani, na mahindi ni ya nani. Mwenye ng'ombe akisema, "Sikujua, nilikuwa nimelala," huambiwa kwamba usingizi wake haulishi watoto wa jirani. Akisema, "Ng'ombe aliachwa na marehemu baba," huulizwa ni nani anywaye maziwa sasa. Watu wa nchi hii ya chai wanaielewa sana hoja hii ya mwisho, maana ardhi ambayo makampuni ya kigeni yaliipanda michai katika miaka ya 1920 ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Waliotwaa wamekufa, maziwa yangali yakinywewa. Vivyo hivyo na hewa. Wengi waliowasha moto wa kwanza wako makaburini, lakini utajiri uliotoka katika moto ule una warithi, na mrithi wa mali ni mrithi wa deni. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa katika mkutano wa mataifa kule Misri mwaka 2022 haupaswi kuitwa sadaka. Jina lake halisi ni malipo, na malipo hayo hayatudai shukrani.

Wajibu wa ulinzi ni mwingine. Huu haufuati kosa, hufuata mkono. Aulizwaye si yule aliyeharibu, bali yule aliye karibu na kile kinachoweza kuokolewa. Nyumba ya jirani ikishika moto usiku, aliye karibu na mtungi hachunguzi nani aliyeangusha taa. Humwaga maji kwanza, na asubuhi huenda kwa wazee kutoa ushahidi. Asiyemwaga maji kwa kuwa hakuangusha taa ni mwovu. Naye asiyetoa ushahidi asubuhi kwa kuwa moto umezimwa ni mwoga.

Wajibu hizi mbili zikichanganywa, kila mtu hupata mahali pa kujificha. Tajiri husema, "Sote tumekosa, basi sote tupande miti," na kwa neno hilo "sote" deni lake hupotea katika umati. Mnyonge naye husema, "Mimi sikukosa," na kwa neno hilo huchukua shoka akaingia msituni. Wa kwanza hutumia wajibu wa ulinzi kuukimbia wa fidia. Wa pili hutumia wajibu wa fidia kuukimbia wa ulinzi.

Na msitu tulio nao si mdogo. Msitu wa Mau, mkubwa kuliko misitu yote ya asili ya milimani katika Afrika Mashariki, ndio unaoleta mvua na ukungu katika michai yetu. Humo hutoka Mto Sondu, ambao huzalisha umeme unapoteremka kwenda Ziwa Viktoria. Humo hutoka mito ya Nyangores na Amala, ambayo huungana kuwa Mto Mara, ukanywesha wanyama wa Maasai Mara na Serengeti kabla ya kuingia ziwani katika nchi ya Tanzania. Anayekata mti wa Mau hakati kivuli chake peke yake. Anakata kisima cha mtu ambaye hatamwona kamwe.

Hata hivyo ulinzi nao una sheria zake. Kwa jina la kuulinda msitu huo, Waogieki, ambao waliishi ndani yake tangu zama za mababu zao, wamefukuzwa mara kwa mara. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Hili latufundisha kwamba wema kwa miti hauwezi kujengwa juu ya dhuluma kwa watu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi mno kuilinda hewa kwa mgongo wa mtu mwingine.

Nasema hivyo huku nikijua kwamba mgongo ule ungeweza kuwa wa mama yangu. Mimi ni mtoto wa mkulima mdogo wa chai. Majani ya mama hupelekwa katika kituo cha kununulia, kisha kiwandani. Kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kilichopungua ni maji, na maji hayo hufukuzwa kwa joto la kuni. Marehemu baba alipanda mikaratusi katika bonde letu, kandokando ya chemchemi, akawa anauza kuni kwa ajili ya kiwanda. Kwa fedha za majani na fedha za kuni nilisoma mpaka chuo cha ualimu. Elimu ninayoitumia kuuhukumu moshi ilinunuliwa kwa moshi.

Mikaratusi hunywa maji mengi, na chemchemi ile imepungua. Likizo moja nilimwambia mama kwamba miti ya bondeni ingefaa iondolewe. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, miti hii ndiyo iliyokununulia viatu vya chuo. Leo umesoma, imekuwa mibaya?"

Nikasema, "Mama, si mibaya. Imesimama mahali pabaya."

"Na kiwanda kitachoma nini? Na mimi nitauza nini?"

Maswali yake yalikuwa bora kuliko hotuba yangu. Tulizungumza siku tatu. Mwishowe tulikubaliana kwamba mikaratusi iliyo kando ya chemchemi ikatwe na visiki ving'olewe, na ile ya mlimani ibaki, ikivunwa kwa zamu na kupandwa tena. Maana mti uliopandwa tena huirudisha ardhini hewa iliyotolewa na mwenzake, lakini mti usiorudi, na makaa ya mawe yaliyofukuliwa chini ya ardhi, ni deni lisilolipwa. Lakini hasara ya bondeni ilikuwa ya mama, wala si yangu. Mimi nina mshahara. Nikaona kwamba nikimwachia yeye pengo lote, nitakuwa nimemfanyia kwa mkono wangu yale ambayo mataifa tajiri yanatufanyia sisi: yaani kula faida pamoja, na kumwachia mnyonge gharama ya kutubu. Kwa hiyo kila mwezi humpelekea sehemu ya fedha ambazo kuni zile zingempa. Si fedha nyingi, na kuna miezi ambayo huona uzito. Uzito huo ndio unaonijulisha kwamba wajibu ni kitu cha kweli.

Hapo nilijifunza jambo ambalo hesabu za dunia hazikunifunza. Udogo wa kosa hutegemea unatazama upande gani. Nikitazama juu, kwa wenye viwanda, mimi sina kosa. Nikitazama chini, kwa mfugaji wa Marsabit au Turkana ambaye mifugo yake ilikufa katika ukame wa kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo, mimi ni tajiri mwenye moshi. Na nikitazama mbele, kwa mtoto atakayezaliwa Bomet miaka mia moja ijayo, mimi ni babu anayeulizwa aliacha nini. Hakuna mtu aliye mdogo kwa pande zote.

Narudi sasa kwa msichana wangu. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Januari 2024 nilikwenda kijitoni kuitazama miche yetu. Katika arobaini, ishirini na mitatu ilikuwa imekufa. Mingine ilikanyagwa na ng'ombe, mingine ilisongwa na magugu. Haukuwapo hata mmoja uliouawa na moshi wa Ulaya. Uliouawa wote uliuawa na usahaulifu wetu, na wangu kwanza, maana nilikuwa nimeiacha pale pamoja na hotuba. Nilimwita yule msichana, nikamwonyesha, nikamwambia:

"Uliniuliza kwa nini miti inapandwa na sisi. Hatuipandi kwa kuwa tumekosa. Anayedaiwa kwa kosa yuko, na sharti adaiwe mpaka alipe. Twaipanda kwa kuwa kijito hiki kiko miguuni petu, wala hakiko miguuni pake."

Akafikiri kidogo, akauliza, "Na yeye atalipa lini?"

Nikamwambia kwamba sijui. Kwamba hilo litategemea sana kama watakuwapo watu wa kumdai, wenye elimu, wenye takwimu zao mkononi, na wenye mikono safi. Tulipanda miche mingine ishirini na mitatu, tukaizungushia ua wa miti, tukapanga zamu ya kuilinda. Tuliweka pia kipimamvua nyuma ya darasa. Msichana yule ndiye aliyeandika mstari wa kwanza katika daftari: tarehe, saa tatu, na kiasi cha mvua. Kiasi kilikuwa sifuri. Aliuliza kama ni lazima kuandika sifuri. Nikamwambia kwamba ni lazima, kwa sababu kilichoonekana ndicho kinachoandikwa.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Mwenye kosa dogo hana haki ya kubebeshwa deni la mwenye kosa kubwa, na akubalipo kulibeba huwa anaudanganya ulimwengu. Lakini hana haki pia ya kuutumia udogo wa kosa lake kuwa mto wa kulalia. Ana kazi tatu: kuujua ukweli na kuuandika bila kuongeza wala kupunguza, kukilinda kile kilicho karibu na mkono wake bila kumdhulumu aliye mnyonge kuliko yeye, na kudai haki kwa wale wenye deni bila kuchoka wala kuona haya. Mkono mmoja ushike jembe, na wa pili ushike hati ya madai. Anayeshika jembe peke yake hulima shamba la mwingine. Anayeshika hati peke yake atafika siku ya malipo akiwa hana shamba.